Mbuzi wanaongezeka kila mwaka, mbona samadi yao haifiki shambani?

ZabibuNyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu mvua za mwaka jana.

Nalima zabibu, alizeti na uwele nje kidogo ya mji wa Dodoma, na nafuga mbuzi na kondoo 42. Juzi kijana wangu alinionyesha kwenye simu mchoro uliotokana na takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Unaonyesha naitrojeni, yaani kirutubisho cha mimea, iliyomo kwenye samadi ya mbuzi na kondoo hapa Tanzania kuanzia 1961. Mstari unapanda tu. Ukiutazama haraka utasema wakulima wa nchi hii tunamwaga samadi mashambani kuliko walivyofanya babu zetu.

Lakini mimi naishi hukuhuku. Kitongojini kwetu nyumba zenye mbuzi ni zaidi ya thelathini, na zilizotoa samadi zizini zikaipeleka shambani msimu uliopita hazifiki kumi. Zizi la jirani yangu lina mavi yanayofika magotini, yamekanyagwa miaka na miaka mpaka yamekuwa kama sakafu. Hatua mia mbili kutoka hapo mtama wake umepauka na gugu la kiduha limechanua katikati ya mistari. Inaniuma kila nikipita.

Mwaka jana niliamua kupima. Kwa majuma mawili nilifagia zizi kila asubuhi, nikaanika, nikapima kwa mizani ninayouzia mahindi. Nilipata wastani wa kilo 6 za samadi kavu kwa usiku mmoja, yaani tani 2 na kidogo kwa mwaka. Hiyo ni ya usiku peke yake, ya mchana inabaki machungani. Samadi ya mbuzi iliyotunzwa vizuri huwa na naitrojeni kama asilimia 2, kwa hiyo tani 2 zina kilo 40. Mfuko wa urea, mbolea ya dukani, wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kumbe zizi langu linanipa karibu mifuko miwili ya urea kila mwaka, na juu yake fosforasi, potasiamu na mboji ambayo mfuko wa dukani hauna. Mtakumbuka 2022, baada ya vita vya Ukraine, urea ilipita laki moja na elfu ishirini kwa mfuko, mpaka ruzuku ilipoishusha hadi 70,000. Mwaka ule ndipo nilipoanza kulitazama zizi kama ghala.

Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu mbuzi zaidi ya milioni 24 na kondoo zaidi ya milioni 8. Nikichukua kilo 50 kwa kila mnyama kwa mwaka napata tani milioni 1.6 za samadi ya zizini. Kwa tani 2 kwa ekari, ni ekari laki nane. Zinaishia wapi?

Ninachokiona mimi ni kwamba samadi ni nzito na shamba liko mbali. Mbuzi wanalala nyumbani, shamba liko kilomita tatu, na mwenye mkokoteni wa punda anataka fedha taslimu mwezi ambao hakuna aliye nazo, kwa sababu mazao yalishauzwa na mvua bado.

Na kuna la pili ambalo sijaona likisemwa, nalo ni mashamba ya kukodi. Miaka minne iliyopita nilikodi ekari moja na nusu. Nikapeleka samadi mikokoteni kumi na saba, mimi na mke wangu na vijana wawili, siku tano. Msimu wa kwanza nilipata mavuno ya kawaida. Msimu wa pili mwenye shamba akaona majani yalivyo meusi, akasema analihitaji mwenyewe. Akalima miaka miwili juu ya jasho letu. Sikugombana naye, shamba ni lake. Ila toka siku ile siweki hata karai moja kwenye ardhi ya mtu, na sidhani niko peke yangu. Mfuko wa urea unaula msimu uleule, samadi inakaa miaka mitatu. Asiye na uhakika wa miaka mitatu atawekaje?

Naomba wenye uzoefu mchangie. Kwenu hali ikoje?

KijanaWaNzega

Mzee wangu, umeandika ukweli. Kwetu sababu kubwa ni moja, watu wanasema samadi inaunguza. Baba aliweka kwenye mahindi mwaka ambao mvua ilikatika Februari. Mahindi yenye samadi yalikauka mwanzo, yasiyo na samadi yakabaki. Tangu hapo hataki kusikia.

Halafu magugu. Mbuzi anakula kila kitu, na mbegu nyingine zinapita tumboni zikiwa nzima. Unaweka samadi leo, kesho unapalilia mara tatu badala ya mbili. Kibarua wa palizi naye ana bei.

AfisaUganiMstaafu

Mwanzisha uzi, ahsante sana. Nimefanya kazi ya ugani miaka 29, nyingi katika mikoa ya kati na kaskazini. Nianze na huo mchoro, maana umewachanganya wengi.

Namba zile hazikupimwa shambani kwa mtu yeyote, zimekokotolewa. Wanachukua idadi ya mbuzi na kondoo, wanazidisha kwa kiwango cha naitrojeni anachotoa mnyama, kisha wanaigawa: kiasi fulani kimebaki malishoni, kiasi fulani kimekusanywa na kurudishwa ardhini. Viwango vya msingi vimetoka kwenye mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ulioandikwa ili nchi ziweze kukadiria gesijoto. Kwa kazi hiyo ni chombo halali kabisa. Lakini haukukusudiwa kueleza kama mkulima wa Bahi ametoa samadi zizini. Idadi ya mbuzi ikipanda, mstari unapanda, hata kama hakuna aliyegusa koleo.

Tena utazame ndani yake. Mbuzi wa Afrika amewekewa uzito wa kilo 30 na gramu 1.37 za naitrojeni kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Hiyo ni gramu 41 kwa siku, au kilo 15 kwa mwaka, mkojo na mavi pamoja. Sasa mbuzi wetu wa kienyeji anakula kama kilo moja ya malisho makavu kwa siku, na nyasi za kiangazi zina naitrojeni gramu 10, zikizidi sana 15, kwa kilo. Atazitoa wapi gramu 41 ambazo hakuzila? Kwa mbuzi anayefungiwa na kulishwa lusina na pumba labda tutakaribiana. Kwa wa machungani, hapana.

Nawe mkuu, naomba usinichukulie vibaya, umefanya kosa lilelile. Umechukua zizi lako ukalizidisha kwa nchi nzima. Mbuzi wa Longido analala kwenye boma la miiba ambalo kaya italihama, na mahali pale hapalimwi. Mbuzi wa Lushoto wako wanne, wamefungwa nyuma ya nyumba, na mavi yao yote yako kwenye kabichi kabla ya Jumamosi. Zile ekari laki nane hazipo. Wingi wa mbuzi uko kwenye nyika kavu, wingi wa mashamba yanayolipa uko milimani, na kati yao kuna barabara na bei ya dizeli.

Kuhusu kilo zako 40: mwaka wa kwanza mmea utapata theluthi, ukibahatika nusu. Iliyobaki inatoka polepole. Na hiyo ni kama hukuiacha juani. Samadi iliyokaa wazi, ikachomwa na jua la Oktoba na kuoshwa na mvua ya Desemba, hupoteza hata nusu ya naitrojeni yake kabla hujaipakia.

Kijana wa Nzega, baba yako hakukosea alichokiona. Samadi mbichi huchemka udongoni, na mmea wenye chakula kingi huota majani mapana na kunywa maji haraka. Mvua ikikatika ndio unaoteseka kwanza. Dawa yake ni kuivundika miezi miwili mitatu, kuigeuza, halafu kuweka kidogo kwenye shimo la kupandia, viganja viwili, badala ya kumwaga shamba zima. Rundo likipata joto la nyuzi 55 na kuendelea kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu zinakufa. Kama huna kipimajoto, chomeka fimbo katikati ya rundo, iache kidogo, uichomoe uishike. Ikiwa huwezi kuendelea kuishika, linafanya kazi. Ikitoka baridi, mwagia maji na ugeuze.

Haubi_Kwetu

Shikamoo mzee Afisa Ugani. Naongeza habari ya Kondoa, kwa sababu sisi tuliwahi kuishi bila mbuzi wala kondoo kwa amri.

Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973. Makorongo yalikuwa yameila ardhi yetu vibaya mno. Mwaka 1979 Serikali ikaamua mifugo yote itoke kwenye eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nilikuwa darasa la tano. Nilimwona marehemu baba akiswaga kondoo wake kuwapeleka kwa ndugu huko nje ya mipaka, hakusema neno siku nzima.

Sitasema uamuzi ule haukuleta kitu. Majani yalirudi, miti ikarudi, na makorongo mengi yakatulia. Nimeona kwa macho yangu. Lakini mama alikuwa na kishamba nyuma ya zizi, hapo ndipo tulipopata mahindi mabichi na maboga kila mwaka. Baada ya misimu michache kile kishamba kikawa kama mashamba mengine. Hapo ndipo wengi walipoelewa kwamba zizi ndilo lililokuwa likilisha shamba la nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ufugaji wa ndani ulipoanza kuruhusiwa, watu walifurahia maziwa, ila mama alifurahia samadi kwanza.

Mpaka leo ukitaka ardhi nzuri kwetu unauliza, "Hame la nani liko wapi?" Palipokuwa na zizi miaka ishirini iliyopita mazao bado yanajulisha.

ShambaLimuru

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Salamu kutoka Limuru, Kenya. Nimesoma uzi huu wote nikaona niseme jinsi mambo yalivyo huku, kwa sababu huku samadi ya mbuzi ni biashara kamili.

Mbolea ya boma inatoka Kajiado na Narok, inapakiwa kwa lori, inakuja Kiambu, Murang'a mpaka Nyeri. Mkulima wa viazi na kabeji hawezi kutegemea ng'ombe wake wawili. Dalali anapiga simu: "Nina lori la mbuzi, kavu." Ya mbuzi na kondoo ina bei nzuri kuliko ya ng'ombe, kwa kuwa ni nyepesi kubeba, haina maji mengi, na inafanya kazi haraka.

Lakini muwe macho. Lori moja nililonunua lilikuwa nusu mchanga. Wanachota hadi udongo wa chini ya boma. Siku hizi kabla sijalipa nachukua mkono mmoja, naweka kwa glasi ya maji, nakoroga. Mchanga unazama chini mara moja, unauona kwa macho.

Na kuna jambo linalonisumbua. Mbuzi wamekula nyasi za eneo kubwa mchana kutwa, wamekusanya rutuba ya eneo lote hilo kwa boma moja usiku, halafu mimi nainunua na kuileta kwa kabeji, na kabeji inaenda Nairobi. Kule nyikani hairudi kitu. Tulipokuwa na ule ukame wa 2020 hadi 2023, mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa Kenya, na malori yaliendelea kuja yakibeba samadi ya wanyama ambao hawako tena. Nilinunua. Nilikuwa na haja nayo. Ila nilijiuliza yule mfugaji atabaki na nini.

ZabibuNyeusi

Mzee Afisa Ugani, nimekubali kosa langu la hesabu, na nashukuru kwa kuniambia waziwazi. Nilikuwa nimefika mahali pa kuziamini zile ekari laki nane.

Ndugu wa Limuru, hilo la rutuba kuhama limenigusa. Hapa kwetu Nala kuna kiwanda cha Itracom kinachotengeneza mbolea kwa kuchanganya samadi na madini, kwa hiyo samadi ya Dodoma nayo imeanza kuwa na mnunuzi mkubwa. Nafurahi kwamba imepata thamani, pengine jirani yangu sasa atalichimba lile zizi. Naogopa tu asije akaiuza yote, halafu arudi dukani kununua mfuko.

Niwaambie jaribio langu la msimu huu. Kuna mzee Mmang'ati anapita na kundi lake kila Agosti kuelekea maji, mbuzi na kondoo kama 120. Miaka yote tulikuwa tukigombana naye kwa sababu ya mabua. Safari hii nilimwita, tukakaa chini ya mti tukazungumza. Nikampa mabua ya uwele na mtama yote, na maji ya kisima asubuhi. Yeye akalaza kundi ndani ya shamba langu usiku tisa. Tulizungusha matawi ya miiba, kila baada ya usiku wa tatu tukahamisha uzio kwenda kipande kingine. Hakuna mkokoteni wala kibarua wa koleo, na mkojo wote umeingia ardhini palepale.

Vile vipande vitatu ukivipita leo unavijua bila kuambiwa. Uwele umesimama, majani yana rangi ya kijani inayokaribia weusi. Pembeni, shamba lilelile, mbegu ileile, umefika kiunoni tu.

Wakuu, hapa Tanzania tumezika watu kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kilosa, Mvomero, kila mtu anazijua habari zile. Sisemi samadi itamaliza jambo zito kama hilo. Nasema mzee yule sasa ananipigia simu kuuliza mabua yakoje.

MamaKihamba

Habari zenu. Mimi ni wa Marangu, Kilimanjaro. Nimesoma kwa furaha, ila nimeona wote mnaongea habari ya mikokoteni na malori, na hakuna aliyesema nani anatoa hayo mavi.

Kwetu mbuzi hatoki. Anafungiwa, anakatiwa majani, na samadi inaingia kihambani, yaani shamba la nyumbani, kwenye migomba na kahawa. Bibi zetu walifanya hivyo na sisi tunafanya hivyo. Majani yanakatwa na mwanamke, yanabebwa kichwani kutoka tambarare, banda linafagiwa na mwanamke. Mbuzi akiuzwa, fedha ni za baba. Nasema hivi bila ugomvi. Mtu akija kijijini kuhimiza matumizi ya samadi, ajue anaongeza saa ngapi kwenye siku ya nani. Kitongojini kwako, kaka Zabibu, zile nyumba ambazo hazikutoa samadi, nenda ukaulize mama wa nyumba anaamka saa ngapi kutafuta maji. Huenda jibu lako liko hapo.

Sasa niwape kitu cha kufanya. Jengeni banda la kuinuliwa, sakafu ya mbao au fito zilizoachana upana wa kidole kimoja. Mavi yanaanguka chini, mkojo nao. Chini wekeni majani makavu au maranda ya kunyonya mkojo, maana naitrojeni nyingi iko kwenye mkojo na wengi mnaiacha ipotee. Na paa lipite banda, lifunike na rundo. Mimi rundo langu nalifunika kwa majani ya migomba. Ukisikia harufu kali inayochoma macho, ujue naitrojeni ndiyo inaondoka hewani, ongeza majani makavu.

Tangu nipate banda la namna hiyo nafagia mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Hiyo ndiyo faida niliyoiona kwanza, kabla hata ya ndizi.

MboganiKwanza

Samahani wakubwa, mimi mgeni. Nina bustani ya mchicha na figili, naweza kuweka mavi ya mbuzi moja kwa moja? Nimeambiwa ya mbuzi hayaunguzi.

AfisaUganiMstaafu

Karibu sana. Hayaunguzi kama ya kuku, lakini mchicha unavunwa baada ya wiki tatu nne, tena jani liko karibu na udongo. Mavi mabichi yana vimelea vya kuharisha na mayai ya minyoo. Usiweke mabichi kwenye mboga ya kuvuna haraka. Vundika kwanza, au weka mabichi kwenye kitalu cha mahindi na maboga msimu huu, mchicha ufuate hapo msimu ujao.

Mama wa Marangu, nimejifunza. Katika miaka yangu ya kazi tuliandika taarifa nyingi kuhusu tani kwa hekta, sikumbuki tulipoandika saa za mama. Mkutano wa Abuja wa 2006 kuhusu mbolea barani Afrika ulihesabu kilo za virutubisho kwa hekta, 50 zilikuwa lengo. Wa Nairobi Mei 2024 umeongeza afya ya udongo na mbolea za asili. Ni hatua. Hilo la saa ulilolileta nitalisema kila nitakapoitwa kuzungumza.

KijanaWaNzega

Wazee, nimempigia baba simu nikamsomea. Alinyamaza kidogo, akauliza kama viganja viwili ni vya mtu mzima au vya mtoto. Nikamwambia vya mtu mzima. Amekubali mistari sita, ya upande wa mbuyu, ambako mahindi hayajawahi kufanya vizuri. Rundo tunaanza Jumapili.

ZabibuNyeusi

Mama Marangu, nimekwenda kama ulivyosema. Nyumba ya kwanza mama anaondoka saa kumi alfajiri, anarudi na ndoo mbili saa tatu. Nyumba ya pili vilevile. Ya tatu sikuuliza tena.

Nina punda wawili na mkokoteni, na kuanzia katikati ya Septemba hadi mvua ianze hawana kazi. Nimewaambia wenye nyumba hizo tatu kwamba mkokoteni nautoa, wao watoe samadi na kijana mmoja wa kupakia, malipo baada ya mavuno, debe mbili za mtama kwa ekari. Wawili wamekubali. Wa tatu amesema atazungumza na mke wake kwanza.